Mashahidi Watano wa Mama Mukubwa

Kitabu cha Katiba nilikiokota chini ya benchi, pale ninaposukia watu nywele. Mteja alikisahau, au kilimdondoka, sijui. Nilimngoja siku tatu arudi kukichukua. Siku ya nne nikaanza kukisoma.

Kilikuwa kidogo, pembe zimekunjika, na ndani kilikuwa kwa Kiswahili. Hilo peke yake lilinishangaza. Nilidhani sheria kubwa ya nchi inaongea Kifaransa tu, tena kile Kifaransa cha watu wenye koti na mkoba. Miye shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, na Kifaransa changu hakivuki soko. Kumbe nchi yangu inaweza kuniambia mambo yake kwa maneno haya haya tunayotumia kuombana chumvi!

Nilisoma polepole, kidole chini ya mstari. Kwenye kipengele cha tano nikasimama. Mamlaka ya nchi ni ya wananchi, kilisema, na mwenye kupiga kura ni Mkongomani, mume au mke, aliyetimiza miaka kumi na nane na mwenye haki zake za raia na za siasa. Nikageuza ukurasa nitafute mengine yanayobaki. Maana ninavyojua miye, hakuna mlango wa hapa duniani usioomba kitu. Shule inaomba sare. Hata kwaya ya parokia, kabla hawajasikia sauti yako, wanaangalia kama una viatu vyeupe. Nikatafuta mahali pa viatu katika Katiba. Hapakuwepo. Nikatafuta mahali pa kusoma na kuandika. Hapakuwepo. Nilikifunga kitabu, nikaketi kidogo, nikaona hata vumbi jekundu la barabara yetu linapita kwa heshima.

Mbele zaidi nilikuta wanaochaguliwa. Deputé wa taifa, yaani mbunge, awe na miaka makumi mbili na tano. Rais makumi tatu, na awe Mkongomani wa asili. Nilikuwa na makumi mbili na moja. Nikahesabu kwa vidole: minne tu inabaki niweze kuwa deputé! Nilimwambia dada niliyekuwa namsuka siku hiyo, akacheka mpaka mstari ukapinda.

“Weye? Deputé? Ata tumbo hauna!”

“Tumbo haikuandikwa mu kitabu.”

“Na diplome?”

“Sheria ya uchaguzi inaomba diplome, ao kazi yenye mutu alifanya myaka kazaa.”

“Na kazi yako ni gani?”

“Ni kichwa chako hiki. Tuliza shingo, raia.”

Tangu siku hiyo wateja waliniita Deputé wa Mistari. Sikukasirika. Jina zuri, hata likija kwa mzaha, ninalipokea.

Jioni nilimsomea mama mukubwa. Huyu ni dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki. Tunakaa mtaa wa Bigo, yeye na miye tu, na kazi yake ni kukausha samaki wanaotoka ziwani, Tchomia. Ana pipa lililokatwa katikati, juu ameweka waya, chini moto mdogo wa kuni mbichi, na moshi wake hauchoki. Alikuwa anageuza samaki mmoja mmoja, kama anayewafunika watoto usingizini, nilipofika kwenye kipengele cha tano. Mkono wake ukasimama hewani.

“Rudilia pale.”

“Mume ao muke.”

“Iko hivyo kabisa? Haujaongeza yako?”

“Sijaongeza, mama.”

Akanieleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulisikia: kwamba hajapiga kura hata mara moja. Mara ya kwanza, kule Tchomia, mume wake alimwambia kura ya nyumba ni moja, naye baba wa nyumba ndiye ataipeleka. Alimwamini. Mara zilizofuata mume alikuwa ameshazikwa, na siye tulikuwa njiani, mizigo kichwani, au tumefika Bigo bila karatasi yoyote, maana siku ya kukimbia vita mama mukubwa alibeba sufuria na kunishika mkono, hakubeba sanduku.

“Basi ile kura ilikuwa yangu,” alisema, “na miye nilifikiri ni ya nyumba.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa shamba na kuambiwa: hili lilikuwa lako siku zote.

Wakati huo uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa umeshafunguliwa katika shule ya msingi ya karibu nasi. Miye karte yangu ya kura niliipata wiki ya kwanza. Yeye kila siku alisema ataenda kesho, samaki wakikauka. Nilijua haikuwa samaki. Aliogopa ile meza, na mtu wa ile meza kumwambia: karatasi iko wapi?

Shefu wa avenyu yetu, mkuu wa barabara hii tunayokaa, ndiye aliyetufungua macho. Ni muzee wa maneno machache, anayeandika magomvi yetu yote katika daftari moja. Alisema mtu asiye na karatasi anaweza kuandikwa kwa vinywa. Vinywa vitano. Watu watano walioandikwa katika kituo kile kile, waliokaa sehemu hiyo miaka mitano au zaidi, wasimame mbele ya meza na kusema: huyu tunamjua. Nilimfanya arudie. Sheria iliyopigwa chapa na mihuri, ikikosa karatasi, inakubali kuketi na kuwasikiliza watu watano wa avenyu yenye mifereji iliyoziba. Usiku huo usingizi ulinichelewa kwa furaha.

Lakini kuwapata hao watano! Avenyu yetu imejaa wageni. Wafanyabiashara wengi walihamia kutoka Kivu ya Kaskazini mwaka juzi, wachimbaji wanapita wakienda Kilo na kurudi, na wengine wamekimbia vijiji vyao juzi tu. Tulipata wanne: shefu mwenyewe, mama wa makaa, fundi wa moto, yaani pikipiki, na muuza vitenge mmoja kutoka Butembo aliyefika zamani, kabla yetu. Ilibaki siku moja ya kuandikisha. Na wa tano tulimjua, ila hatukuweza kumtaja.

Wa tano alikuwa nyuma ya matete yetu.

Jirani huyo ni mama wa pasi. Anafua na kupiga pasi mashuka ya masista na kanzu nyeupe za kwaya. Yeye ana nguo nyeupe kwenye kamba, siye tuna moshi wa samaki, na katikati yetu ni ukuta wa matete. Utaelewa. Miaka saba, yeye na mama mukubwa hawakuwa wamesemeshana uso kwa uso. Walisema kupitia vitu. Mama mukubwa alimtumia kuku wetu mwekundu, yeye alitumia beseni lake. “Kuku, kuna watu wanazani upepo ni ya baba yao.” “Beseni, kuna mutu anapika mbingu yote.” Kila avenyu ya kwetu ina wawili wa namna hii, na watoto hujifunza utani hapo kabla ya kujifunza kusoma.

Basi miye, kwa akili zangu za deputé, nikatafuta wa tano mwingine. Ng'ambo ya barabara amepanga polisi mmoja, mtu mpole, anayesalimia hata mbuzi. Amekaa pale miaka minane. Niliwaza: nani ataaminiwa mezani kuliko mtu wa serikali? Alikubali mara moja. Siku ya mwisho, asubuhi, alikuja na sare iliyonyooka, buti zinazong'aa na bunduki begani, na mama mukubwa alijifunga kitenge chake cha kijani, kile cha Pasaka. Tulitembea pamoja na wale wanne kwenda shuleni kama arusi.

Ajenti wa meza alikuwa kijana wa rika langu, macho mekundu kwa uchovu, mbele yake mashine iliyofunguliwa ndani ya sanduku. Alichukua karte za wale wanne, akazitazama, akazipanga. Kisha akamnyooshea mkono polisi wetu.

“Karte, afande.”

“Sina.”

“Ulipoteza?”

“Hapana. Siye hatuandikwe. Polisi na majeshi, sheria inasema hapana.” Akageuka kunitazama, uso umemshuka. “Mutoto yangu, weye uliniambia kushuhudia. Haukuniambia shahidi lazima awe na karte.”

Nilitamani kuingia ndani ya lile sanduku. Lakini katika aibu yangu nilimwangalia yule mtu mkubwa mwenye bunduki, na mama mukubwa mwenye harufu ya samaki, na nikashangaa sana. Nchi imempa huyu bunduki ikamwambia, kura usiguse. Huyu mama haikumpa kitu, lakini kura ni yake, kama tu atapata kinywa kimoja zaidi.

“Mashahidi ni wane,” ajenti alisema. “Tunafunga saa kumi, mama. Pole.”

Tulirudi nyumbani. Mama mukubwa alivua kitenge cha kijani, akakikunja vizuri, akavaa nguo zake za moshi. Wala hakulia. Hilo lilinikata moyo zaidi. Alikwenda kwenye pipa, akakuta moto umezimika, akauacha. Saa sita ilikuwa imeshapita. Kisha nikamwona anatembea mpaka kwenye matete. Kuku mwekundu alikuwa pale anachakura.

“Kuku,” alisema, “unaona mambo? Mutu anakuwa mukubwa hivi, anakosa kinywa moja ya kumusemea.”

Upande wa pili, pasi ilisimama. Tuliisikia ikiwekwa juu ya bati.

“Beseni yangu, ulisikia? Kama vile kuku fulani iko nalia.”

“Kuku, ambia ile beseni: mashahidi ni wane. Inabakia moja. Na saa kumi wanafunga.”

“Beseni, uliza kuku: ule polisi je? Asubui niliona buti inapita, inangaa kama kioo.”

“Kuku, mujibu: polisi haandikwe. Ni sheria.”

Hapo beseni likapata maneno yake yote.

“Beseni! Myaka saba! Myaka saba kanzu za kwaya zinanuka samaki! Kila siku ya Mungu basoprano wakifungua kinywa, watu wa benchi ya mbele wanasikia njaa!”

Niliziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama mukubwa mwenyewe aliuma mdomo asicheke. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimruka kuku, akatenganisha matete kwa mikono, akaingiza uso wake pale katikati.

“Mama,” alisema. “Ni miye. Si kuku. Nakuomba.”

Upande wa pili tulisikia makaa yakimwagwa, maji yakimwagwa juu ya makaa, mlango ukifungwa. Nilidhani basi, imekwisha. Lakini tulipotazama langoni, mama wa pasi alikuwa amesimama barabarani, kitambaa cheupe kichwani, karte yake mkononi.

“Njiani musinisemeshe,” alisema. “Naenda kusema kweli, haiko urafiki.”

Tukakimbia. Fundi wa moto tulimtoa chini ya pikipiki, mama wa makaa alikuja na uso mweusi, muuza vitenge alifunga duka, shefu alitangulia na daftari lake. Foleni ilikuwa fupi. Ajenti alitutazama, kisha akamtazama mama wa pasi kwa macho ya shaka, maana mchana wa siku ya mwisho, alisema, mashahidi huota kama uyoga. Akamwambia wengine wakae kando, yeye abaki.

“Mama, unamujua huyu?”

“Ile haiko kujua, mwanangu. Ni mateso.”

“Ni rafiki yako?”

“Hapana!”

Foleni yote iligeuka. Mama mukubwa aliangalia chini.

“Basi unamujua namna gani?”

“Anaikaa nyuma ya matete yangu. Alifika siku ya mvua kubwa, na sufuria moja, na mutoto mwenye miguu mirefu, huyu hapa. Kesho yake alianza kukausha samaki. Siwezi kusahau, juu nilikuwa nimeanika mashuka ya masista. Nilienda kwa shefu, akaandika. Shefu, onyesha!”

Shefu akafungua daftari. Kurasa na kurasa, moshi, moshi, moshi.

“Chumvi yake ni mingi,” mama wa pasi aliendelea, “na anaimba mubaya, na ni mubishi. Anaamuka saa kumi na moja, anakohoa mara mbili, anaanza kuomba. Anaombea batoto ya avenyu yote, moja moja, kwa majina. Na yangu ndani. Myaka saba hatuongee, na kila asubui anataja batoto yangu kwa Mungu. Nasikia. Matete haizuie kitu.” Akamgeukia ajenti. “Huyu ni Mukongomani, ni mutu muzima, na ni wa hapa. Kama miye simujue, hakuna mutu anajua mutu.”

Ajenti aliweka biki chini. “Mama,” alisema, “wale wa kukodishwa huwa wanasifu tu.” Akaivuta karatasi ya mashahidi, akampa atie sahihi.

Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta wa darasa, ule uliochorwa herufi za watoto. Nilikuwa nimeisoma sheria ile kwa kidole, mstari kwa mstari, lakini sikuwa nimeiona ikipumua. Sasa ilikuwa mbele yangu, imevaa kitambaa cheupe, inanuka sabuni.

“Mwaka ya kuzaliwa?” ajenti alimuuliza mama mukubwa.

“Sijue. Nilizaliwa Kilo, baba alikuwa nachimba zahabu. Mama alisema ilikuwa wakati ya mahindi.”

“Lakini myaka kumi na nane umepita?”

Kituo kizima kilicheka, na mama mukubwa naye. “Mwanangu, ile kumi na nane niliipita mara ngapi!”

Wakakadiria mwaka, mashahidi wakakubali. Ikafika zamu ya vidole. Aliweka cha kwanza, mashine ikakataa. Cha pili, ikakataa. Ajenti alifuta kioo, akajaribu tena. Miaka ya moshi, kisu na magamba ilikuwa imeziba ile mistari midogo ya ngozi. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro dakika kumi. Mama mukubwa aliitazama mikono yake kama imemsaliti.

Mama wa pasi akaguna. Aliingiza mkono kifuani, akatoa kipande cha sabuni kilichofungwa ndani ya leso, kama mwingine anavyotembea na rozari. Akamshika mama mukubwa kiganja, akamvuta mpaka kwenye mtungi wa maji wa shule, akaanza kumsugua vidole, kimoja kimoja, kwa nguvu, kama kola ya shati.

“Unaniumiza!”

“Nyamaza. Moshi ya myaka saba haitoke kwa kubembeleza. Ata miye, siku yangu, ile mashini ilinikatala. Miye ni sabuni ilinifuta. Weka kidogo kidogo, usikandamize.”

Ndiyo mara ya kwanza walijibizana bila kuku na bila beseni, na ilikuwa juu ya vidole. Waliporudi mezani, mashine ililia mlio mdogo mtamu. Cha kwanza kikakubali. Kisha vyote. Kwa picha ajenti alimwambia asicheke, na alijaribu kweli, lakini katika karte anaonekana kama mtu aliyebanwa na siri nzuri.

Karte ilitoka bado ina joto. Aliishika kwa ncha za vidole. Hajui kusoma, akanipa nimsomee, nikamsomea jina lake, mahali alipozaliwa, avenyu yetu. Akaomba nirudie. Mama wa pasi akaichungulia juu ya bega langu, akasema picha imemtoa mweusi mno, akaondoka zake mbele yetu bila kuaga.

Kesho yake asubuhi moto uliwashwa kama kawaida. Samaki walingoja, maisha pia. Nilikuwa namsuka mteja uani, kitabu changu kiko mapajani mwake anisomee kwa sauti, tulipofika tena kwenye miaka makumi mbili na tano. Mama mukubwa aliuliza, akiwa anageuza samaki, miye nitahitaji mashahidi wangapi siku hiyo. Nilimwambia kitabu hakisemi.

“Tafuta wale wanajua chumvi yako,” alisema.

Hapo upepo ukageuka. Moshi uliinama, ukaanza kutambaa kuelekea matete. Nikangoja beseni lianze.

“Mama!” sauti iliita kutoka upande wa pili. “Kanzu! Miye niko na pasi mu mikono!”

Mama mukubwa alitupa kijiti cha kugeuzia, akakimbia. Mbele ya matete alisimama kidogo, akanusa vidole vyake. Kisha akapita katikati, na nikaona zile kanzu nyeupe zikishuka kwenye kamba moja baada ya nyingine, zikirundikana begani mwake.

Kuku mwekundu alibaki amesimama karibu na pipa, shingo juu, akingoja. Hakuna aliyemwambia kitu.